Paka Akiondoka, Panya Hutawala

Hotuba iliyotolewa mbele ya baraza jipya la wanafunzi, wazazi na walimu wa shule moja ya upili, Nairobi

Bwana Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanafunzi ambao wenzenu waliwapigia kura wiki iliyopita: hamjambo. Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo sitawataja wageni mmoja mmoja, maana najua wapo wazazi wenye safari ya kurudi hadi Ruai na Kitengela, na Barabara ya Outer Ring jioni haina huruma.

Niliombwa nizungumze juu ya uongozi. Mazungumzo ya aina hii kwa kawaida huwa orodha ya sifa: kiongozi awe mwadilifu, awe msikivu, awe mfano mwema. Sifa hizo mnazijua, kwa sababu mliziandika wenyewe kwenye mabango ya kampeni ambayo bado yamebandikwa ukutani kule bwaloni. Nimeona ni afadhali nianzie mahali ambapo sifa hizo hazina wa kuzisimamia, pale ambapo hakuna mwalimu, hakuna askari, hakuna kitabu cha kanuni, na watu wamebaki wenyewe kwa wenyewe.

Mwalimu akichelewa kuingia darasani, na kelele zikasikika hadi ofisini, kuna methali ambayo kila mmoja wetu amewahi kuambiwa: paka akiondoka, panya hutawala. Waingereza nao wana methali yao ya paka na panya, lakini kwao panya hucheza. Wazee waliotuachia Kiswahili walisema hutawala. Nimeifundisha lugha hii kwa miaka 31, na ni baada ya kustaafu ndipo nilipokitazama vizuri kitenzi hicho. Anayecheza hana mpango. Anayetawala ana mpango, ana wasaidizi, ana adhabu na ana ghala. Kwa maoni yangu, methali hiyo inasema kwamba siku paka anapoondoka nyumba haikosi serikali hata usiku mmoja. Serikali hubadilisha mikono kabla jua halijatua, na kinachobaki kuulizwa ni panya gani ameishika, na kama wenzake wanaweza kumwondoa.

Mniruhusu nianze na kosa langu mwenyewe. Mwezi wa Oktoba mwaka 1997 walimu wa nchi hii waligoma. Mimi pia niligoma, na sijutii. Nilikuwa na watoto wa kulisha, na mshahara wa mwalimu wa wakati ule ninyi mnausikia katika masimulizi tu. Ninachojutia ni jinsi nilivyoondoka. Nilikuwa msimamizi wa mabweni katika shule ya malazi mbali na Nairobi, ambayo sitaitaja. Asubuhi ya siku ya kwanza nilimwita kiranja mkuu, nikamkabidhi funguo za ghala la chakula, nikamwambia, "Waangalie wenzako," kisha nikapanda gari. Kwa siku nne, kabla ya wanafunzi kurudishwa makwao, wavulana zaidi ya mia mbili walibaki na wapishi wawili na mlinzi mzee wa lango.

Niliporudi nilitarajia kusikia habari za ghasia. Hapakuwa na ghasia. Katika bweni la kiranja mkuu kulikuwa na utaratibu mkali kuliko wowote ambao sisi walimu tuliwahi kuuweka. Alikuwa amesimamisha walinzi kwenye mlango wa ghala. Sukari na mkate vilitolewa kwa waliokuwa upande wake. Wavulana wa kidato cha kwanza waliwafulia walinzi nguo ndipo wapate uji. Na aliyelalamika alinyimwa chakula cha jioni huku wenzake wakitazama. Kufikia siku ya pili kila mtu alizijua sheria hizo, na hakuna aliyezivunja mara mbili. Ng'ambo ya uwanja, katika bweni la pili, mambo yalikwenda njia nyingine. Wapishi walikuwa wamekataa katakata kupikia bweni moja na kuliacha lingine, kwa hiyo sufuria ya maharagwe ilifika huko pia, ingawa ilikuwa ndogo. Mvulana mmoja wa kidato cha pili, asiye na cheo chochote, ambaye mimi nilimjua kwa kuchelewa kwake tu, aliwaambia wenzake neno moja: anayepakua atachukua sahani ya mwisho. Tangu neno hilo lilipokubaliwa, hakuna aliyehitaji kuilinda sufuria. Mpakuzi alijua kwamba sahani akizipunja, ile iliyopunjwa kuliko zote ndiyo itakayomngojea yeye.

Nimeifikiria tofauti ya mabweni hayo mawili kwa zaidi ya robo karne. Wavulana walikuwa wa umri mmoja, wa makabila yale yale, na walilala kwenye vitanda vya seremala mmoja. Kiranja mkuu tulimteua sisi walimu, na tulimteua kwa sababu alituogopa. Hilo tuliliita nidhamu. Lakini mtu anayetenda haki kwa kuwaogopa walio juu yake hana kinachomshika siku walio juu wakipanda gari wakaenda zao. Yule wa sahani ya mwisho hakuwa akitutazama sisi hata kidogo. Aliwatazama waliokaa naye kwenye benchi.

Wanafalsafa wa Ulaya wamebishana kwa karne kadhaa juu ya maumbile ya binadamu asiye na sheria. Mmoja wao, Mwingereza aliyeiona nchi yake ikiraruliwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe katika karne ya 17, alisema kwamba watu wasio na mtawala wa kuwatia hofu huishi katika vita vya kila mtu dhidi ya kila mtu. Mwingine, wa karne iliyofuata, alishikilia kwamba binadamu kwa asili ni mwema, na kwamba ni jamii yenyewe, pamoja na mali na vyeo vyake, iliyomharibu. Wataalamu wa falsafa walioko hapa wanisamehe, lakini ubishi huo hunikumbusha watu wawili wanaogombana kama kisu kimetengenezwa cha kukatia mkate au cha kuchomea watu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia, na historia imetuachia visa ambavyo hakuna mtafiti angethubutu kuvipanga.

Kisa ninachokipenda zaidi kilitokea mwaka 1864 katika visiwa vya Auckland, ambavyo viko peke yake katika bahari ya baridi, zaidi ya kilomita 400 kusini mwa New Zealand. Hakuna aliyekuwa akiishi huko. Mwezi wa Januari merikebu ndogo iliyoitwa Grafton ilivunjika upande wa kusini wa kisiwa kikubwa, na watu wake watano wakafika pwani wakiwa hai: nahodha Thomas Musgrave, Mfaransa François Raynal, na mabaharia watatu, mmoja Mnorwe, mmoja Mwingereza na mmoja Mreno. Mwezi wa Mei mwaka huo huo merikebu nyingine, Invercauld, ilivunjika upande wa kaskazini wa kisiwa hicho hicho. Ilikuwa na watu 25. Sita walizama, 19 wakafika pwani. Makundi hayo mawili yaliishi kwenye kisiwa kimoja kwa mwaka mzima bila lolote kujua kwamba jingine lipo.

Watu wa Grafton walipojenga kibanda chao, Raynal aliona jambo ambalo wengi hawalioni mpaka liwe limekwisha kuharibika. Aliona kwamba Musgrave alikuwa nahodha kwa sababu kulikuwa na merikebu, na sasa merikebu haipo tena. Cheo kilikuwa kimezama pamoja na mbao zake. Badala ya kungoja siku ya ugomvi ndipo waulizane ni nani mkubwa, alipendekeza wachague mkuu, naye asiitwe bwana wala mkubwa wa wengine, bali mkuu wa familia. Waliandika kazi zake kwenye ukurasa mtupu wa Biblia ya Musgrave: adumishe utulivu kwa upole lakini kwa uthabiti, aepushe mazungumzo yanayoweza kuzua mabishano, aamue magomvi, na katika mambo mazito wote wapige kura. Kisha wakaongeza kifungu kimoja, ambacho ndicho kilichonifanya niwaletee kisa hiki leo: mkuu akiyatumia vibaya mamlaka yake, jamii ina haki ya kumwondoa na kumchagua mwingine. Walikubaliana kifungu hicho na vingine visomwe kila Jumapili. Ndipo wakampigia kura Musgrave yule yule aliyekuwa nahodha tangu awali.

Mtu anaweza kuuliza wamepata nini kwa mzunguko huo wote, ikiwa aliyechaguliwa ni yule yule. Walipata nahodha tofauti ndani ya mwili ule ule. Siku moja kabla ya kura, Musgrave alikuwa na haki ya kuamrisha. Siku moja baada yake alikuwa na kazi ya kustahili. Walipika kwa zamu. Jioni walianzisha shule, ambamo aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua, na aliyejua lugha moja aliwafundisha wengine, hivyo kila mmoja alikuwa mwalimu kwa saa moja na mwanafunzi kwa saa nyingine. Raynal alitengeneza karata za kucheza, lakini alipoona mchezo unazaa magomvi akaziharibu, kitendo ambacho ningependa baadhi ya wazazi wakizingatie kuhusu simu. Walikaa huko zaidi ya miezi 18. Walitengeneza mvukuto kwa ngozi za sili, wakafua misumari kwa chuma cha merikebu iliyovunjika, wakaiongezea kimo mashua yao ndogo, na mwezi wa Julai mwaka 1865 watatu kati yao wakavuka bahari mbaya hadi kisiwa cha Stewart. Musgrave hakupumzika. Alipata merikebu, akarudi kuwachukua wawili waliobaki. Wote watano waliokoka.

Kaskazini, kati ya wale 19 walibaki watatu. Nahodha wa Invercauld, George Dalgarno, hakuacha kuwa nahodha, na tatizo lilikuwa hapo hapo. Maofisa walibaki maofisa, mabaharia wakabaki wa kutumwa kuni na maji, lakini hakuna aliyekuwa na mpango wa kuwaweka watu pamoja. Waligawanyika, waliwaacha nyuma waliochoka, na kisa kimoja cha kula maiti kimesimuliwa na mmoja wa waliosalia. Hao watatu walikuwa Dalgarno mwenyewe, ofisa wake Andrew Smith, na baharia wa kawaida aitwaye Robert Holding, ambaye kwa bidii na ustadi wake ndiye aliyekuwa akitafuta njia ya kuishi wakati wakubwa wake wamekata tamaa. Meli iliyopita kwa bahati iliwachukua mwezi wa Mei mwaka 1865.

Haki itendeke: makundi hayo mawili hayakuanza sawa. Grafton ilikwama karibu na pwani, na watu wake waliweza kutoa ndani yake turubai, zana na bunduki. Wenzao wa kaskazini walitupwa chini ya majabali wakiwa na viberiti vichache, biskuti kidogo na kipande cha nyama ya nguruwe. Anayesema kwamba uongozi peke yake ndio uliowatenga watano waliookoka na 16 waliokufa anatia chumvi. Lakini zana hazijisimamii. Na msumari wa kwanza uliofuliwa kule kusini ulifuliwa na watu ambao tayari walikuwa wamekwisha kuafikiana nani atawaamulia na atawaamulia hadi lini.

Mtu asidhani kwamba kuunda baraza na kula kiapo kunatosha. Mwaka 1629 meli ya Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, iliyoitwa Batavia, iligonga miamba karibu na pwani ya magharibi ya Australia, na watu wengi sana, wakiwemo wanawake na watoto, wakajikuta kwenye visiwa vidogo visivyo na maji. Mkuu wao, Francisco Pelsaert, aliondoka kwa mashua kwenda kutafuta msaada huko ambako leo ni Jakarta. Paka aliondoka. Aliyeshika nafasi yake alikuwa Jeronimus Cornelisz, mwuza dawa wa zamani mwenye ulimi mtamu. Na alianzaje? Alianza kwa baraza. Lilikuwapo baraza lililochaguliwa. Alilivunja, akaweka la watu wake. Akakusanya silaha zote mahali pamoja, akashika mashua zote, akahodhi chakula, na wafuasi wake wakatia saini kiapo cha utii. Walivaa hata nguo nyekundu zenye mapambo walizozitoa kwenye masanduku ya meli. Katika muda wa miezi michache waliua zaidi ya watu 100, mara nyingi vijana wakitumwa kuonyesha utiifu wao kwa kuua. Mnaona kwamba hapakukosekana sheria, wala sare, wala hati zenye saini. Kilichokosekana ni mlango wa kumtolea mtu yule.

Mlango huo ulifunguliwa na kiu. Cornelisz alikuwa amewapeleka askari, chini ya mtu wa cheo cha kawaida aitwaye Wiebbe Hayes, kwenye kisiwa kingine bila silaha, akitumaini watakufa kwa kukosa maji. Wao wakapata visima na wanyama wa kuwinda. Waliokimbia mauaji wakaogelea au wakapanda mbao kuwafuata, na Hayes akawapanga, wakajitengenezea silaha za mbao na misumari, wakayazuia mashambulizi mpaka Pelsaert aliporudi. Cornelisz alinyongwa mwezi wa Oktoba mwaka huo. Ninalotaka mlishike ni dogo: mamlaka yake yaliishia pale ambapo maji yalikuwa mikononi mwa mwingine.

Na kwa kuwa mmekaa sana mkisikia habari za watu wazima, nitawapa kisa cha vijana wa umri wenu, kwa ufupi. Mwaka 1965 wavulana sita wa shule ya malazi huko Tonga, katika Bahari ya Pasifiki, waliiba mashua wakatoroka. Mwalimu Mkuu ananitazama. Naomba nifafanue kwamba waliporudi walikamatwa kwa wizi. Walipeperushwa hadi kisiwa kitupu kiitwacho 'Ata, wakakaa huko miezi 15 mpaka Mwaustralia Peter Warner alipowakuta mwezi wa Septemba mwaka 1966. Waligawana kazi kwa zamu, wawili wawili. Waliuwasha moto wakautunza usizimike kwa zaidi ya mwaka. Wawili wakigombana, kila mmoja alikwenda upande wake wa kisiwa mpaka hasira ipoe. Mmoja alipovunjika mguu, wenzake waliufunga kwa vijiti na kuzifanya kazi zake mpaka ukapona vizuri. Hakuna aliyejitangaza mkubwa. Walikuwa wamelelewa katika visiwa ambavyo mtoto hujua tangu mapema kuishi na wengi katika nyumba moja, na nadhani hilo liliwasaidia kuliko ujasiri.

Msiniambie haya ni mambo ya mabaharia. Hapa petu, Waborana wa Marsabit na Isiolo wana mfumo wa gadaa, ambao uongozi wake hukabidhiwa kila baada ya miaka minane. Abba gadaa, yaani kiongozi wa mfumo huo, anajua siku atakayoketi na siku atakayoondoka kabla hajaonja utamu wa kiti. Wagĩkũyũ walikuwa na ituika, sherehe kubwa ambayo rika moja liliachia utawala likaukabidhi kwa rika lililofuata. Utawala wa kikoloni ulipoingia na kukuta watu wasio na mfalme, uliandika kwamba hawana utawala, na mwaka 1902 ukatunga sheria ya kuteua wakuu wa vijiji. Mara nyingi wateule hao hawakuwa wale ambao wanakijiji wangewachagua. Walikuwa wanamwogopa Mkuu wa Wilaya kuliko walivyowaogopa majirani zao, kwa sababu ni yeye aliyewaweka na ni yeye tu aliyeweza kuwatoa. Nadhani sasa mmemtambua kiranja wangu wa mwaka 1997. Alikuwa na babu wengi.

Sekta yetu ya matatu ni somo jingine, na ninyi mnaosafiri kila siku mnalijua kuliko mimi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ile ya magari ya umma. Kwa mwananchi wa kawaida ilikuwa neema, maana mabasi hayakutosha. Lakini stendi haiwezi kukaa bila mtu wa kusema gari lipi lipakie kwanza, na serikali ilipokuwa kimya wengine walisema kwa niaba yake. Baada ya miaka, katika njia nyingi, dereva hangeweza kupakia bila kutoa ada kwa vijana ambao hakuna aliyewachagua. Kundi la Mungiki lilijulikana kwa kutoza ada hizo, na aliyekataa alijua kitakachompata. Februari mwaka 2004, Waziri wa Uchukuzi John Michuki alipoleta vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, mstari wa manjano na sare za wahudumu, watu walisema ameleta sheria mahali pasipokuwa na sheria. Si kweli. Sheria zilikuwapo, yeye aliweka zinazoandikwa mahali pa zile zilizosemwa kwa vitisho. Kwamba kanuni zake zililegea baadaye inaonyesha kuwa alikuwa mtu mmoja mwenye nia, naye aliondoka katika wizara ile.

Kuna jambo moja zaidi la nchi yetu ambalo ni lazima niliseme, ingawa wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kwa wiki kadhaa, sehemu kubwa ya nchi ilikuwa bila mtu wa kutiiwa. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao, hadi mapatano ya tarehe 28 Februari 2008. Waliosafiri siku zile wanakumbuka vizuizi vya barabarani. Kwenye kila kizuizi palikuwa na kijana mwenye panga aliyedai kitambulisho, akasoma jina la mtu, akaamua apite au asipite. Mtu aliyesema nchi imekosa sheria hakuwa amesimamishwa hapo. Ile ilikuwa sheria, tena ya kikatili, na tume ya Jaji Philip Waki ilieleza baadaye kwamba ingawa mahali pengine vurugu zililipuka zenyewe, kwingine zilipangwa na kugharamiwa. Vijana wale hawakuzaliwa na maumbile tofauti na yenu. Kuna mtu aliyewaambia neno la kwanza.

Mtaani kwangu, Eastlands, maji huja kwa mgao, mara mbili kwa wiki, na siku nyingine saa tisa usiku. Huwezi kusimama foleni usiku kucha, kwa hiyo mitungi ndiyo inayosimama. Mtungi wa lita 20 wenye utepe mwekundu unajulikana ni wa nani, na asiye na mtungi wa akiba huweka jiwe. Nimeona jiwe likiheshimiwa kuliko mimi. Hakuna sheria ya kaunti inayosema jiwe lina haki ya kuteka maji. Miaka michache iliyopita kijana mmoja, kwa maelezo kwamba anazuia fujo, aliweka kufuli lake kwenye bomba. Wiki ya kwanza tulimshukuru, kwa sababu wenye mikokoteni waliokuwa wakileta mitungi 15 kwa mkupuo walidhibitiwa. Wiki ya tatu alianza kutoza shilingi tano. Wiki ya tano wenye mikokoteni ndio waliokuwa wa kwanza, kwa kuwa walilipa zaidi.

Hatukumpiga wala hatukumwita mkuu wa kituo. Kina mama wa chama kimoja cha plot ya jirani, ambao kwa miaka wamekuwa na kitabu cha michango, faini za wanaochelewa na mweka hazina anayebadilishwa kila Januari, walimwendea asubuhi moja wakiwa na kufuli jipya. Walimwambia anaweza kuendelea kulinda bomba, ila kufuli ni hili, na ufunguo utahama kila Jumamosi kutoka nyumba hadi nyumba. Alikubali, kwa manung'uniko. Ufunguo ulifika kwangu mara mbili mwaka jana, na nakiri mbele yenu kwamba kwa wiki hizo nilijaza mitungi yangu nikiwa nimeangalia huku na huku, kama mwizi, ingawa ilikuwa zamu yangu ya haki. Niligundua kuwa ufunguo una joto lake. Ulipoondoka nilifarijika.

Sasa nije kwenu. Mwalimu mlezi alinitumia rasimu ya kanuni za baraza lenu, na nimeisoma mara mbili. Ni kazi nzuri, na Kiswahili chake kimenifurahisha, isipokuwa pale mlipoandika "masaa". Kuna kifungu cha usafi, kuna cha bwalo, kuna cha jinsi kiranja anavyoripoti kwa mwalimu wa zamu, kuna hata cha beji. Katika rasimu yote, kiranja anawajibika kwenda juu tu. Hamna mstari unaosema mwanafunzi wa kidato cha kwanza afanye nini ikiwa kiranja wa bwalo anapunja sahani, wala unaosema kura ngapi zinatosha kumvua mtu beji. Katiba ya nchi hii ya mwaka 2010 haikuona haya kuandika mambo hayo: kifungu cha 104 kinawapa wapiga kura haki ya kumrudisha nyumbani mbunge wao, na cha 145 kinaeleza hatua za kumwondoa Rais mwenyewe. Kama Rais amewekewa mlango, sioni kwa nini kiranja wa bwalo asiwekewe dirisha.

Nawaomba, pamoja na ruhusa ya Mwalimu Mkuu ambayo nimekwisha kuiomba asubuhi, mkiandike kifungu hicho leo, kabla hamjaapishwa na kabla hamjagawana kazi, maana baada ya beji kuvaliwa mkono huwa mzito. Karatasi na kalamu ziko pale mezani. Sitawaambia mkiandike vipi. Nitakaa nyuma kule karibu na birika la chai na mandazi, nikiwangoja, na nimeambiwa kwamba mwenyekiti wenu ndiye atakayepakua.